Injini kuukuu haitaki haraka

Mpenzi msomaji, je, likizo hii umepanga kupakia magodoro, sufuria na watoto ndani ya ile Hiace yako kuukuu, mtoke Mathare hadi Mombasa? Njia ni kilomita 480 hivi, na jua la Tsavo halina mzaha.

Kabla ya kung'oa nanga, injini ikiwa baridi, jaza maji kwenye rejeta, kagua mipira yake na umwambie fundi akaze mkanda wa feni. Beba jerikeni la maji. Pumzikeni Mtito Andei, katikati ya safari.

Kurudi ndiko kugumu, kwani mtapanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Mshale wa joto ukipanda, fungua hita na madirisha; hita hupunguzia injini joto. Ukizidi kupanda, egesha kando, zima injini, ungoje ipoe kabisa.

Tafadhali, usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto! Maji yaliyobanwa humo hupita nyuzi 100, nayo hukurukia usoni. Wala usiimwagie injini maji baridi. Chuma chaweza kupasuka.

Kuchelewa kufika si aibu, msomaji. Bora watoto walale njiani kuliko hospitalini.