Huna kazi, lakini faini unayo

Si unajua PIN ya KRA uliichukua ndiyo uombe mkopo wa HELB, wala si eti ulikuwa na mali? Sasa ukikosa kujaza ritani kufikia Juni 30, faini ni Sh2,000, hata kama mwaka mzima hukuona shilingi. Ndiyo maana kila Juni unapanga foleni saiba, unamlipa mtu akubonyezee kwamba huna mapato. Hizo pesa hazifiki Hazina ya Kitaifa. Zinaishia hapo hapo kaunta.

Sikatai, serikali ina pengo kwenye bajeti. Mswada wa Fedha wa 2024 ulilenga Sh346 bilioni zaidi. Tuliingia barabarani, ukaondolewa, pengo likabaki. Lakini haliwezi kuzibwa na faini ya mtu asiye na kazi.

Suluhu ni rahisi: kama hakuna mapato yaliyoonekana kwenye PIN yako, mfumo ujiandikie sufuri wenyewe. Maafisa wabaki kuwafuata wenye mapato ya kweli.

Hadi hapo, jaza mapema, wewe mwenyewe, kwa simu yako. Usiwape hiyo elfu mbili.