Gari dogo la mwalimu si anasa

Kila ifikapo tarehe 14 ya mwezi, walimu wengi wa Trans Nzoia na Bungoma husubiri tangazo lisilotoka kwa mwajiri wao. Ni tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), linalotaja bei ya mafuta kwa mwezi unaofuata. Mnamo Septemba 2023, petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita kwa mara ya kwanza, si machache magari yaliyolala chini ya miparachichi, wenyewe wakarejea kwenye bodaboda.

Tangu hapo swali limekuwa lile lile katika vyumba vya walimu: mtu wa mshahara anunue gari gani? Wapo wanaoyadharau magari madogo yenye mlango wa nyuma unaoinuka, yaani akina Vitz, Passo, Demio na March, wakidai kuwa ni ya kupelekea mboga sokoni. Mimi nasema kwamba kwa mwalimu wa Kitale au Bungoma gari la namna hiyo ni chombo cha kazi, sawa na chaki. Anayelinunua na serikali inayolitoza ushuru hawana budi kuliona hivyo.

Haja yenyewe haikuzuka kwa majivuno. Mwaka 2018 Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) ilianza kuwahamisha walimu mbali na kaunti zao. Mwaka 2022 Bunge la Taifa lilitaka sera hiyo ikomeshwe, na wengi wakarejeshwa makwao. Hata hivyo, wangali wapo wenye kazi Kitale na jamaa Bungoma, ambao kila Ijumaa jioni huishika njia ya Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Anayetegemea magari ya abiria hungoja mpaka yajae pomoni, na Jumatatu asubuhi wanafunzi humngoja yeye.

Basi na tupige hesabu. Tuchukue mwalimu anayekaa mjini Kitale na kufundisha katika shule iliyo umbali wa kilomita 18. Kwa siku atakwenda kilomita 36, na kwa siku 22 za kazi, kilomita 792. Gari la injini ya lita moja, likitunzwa vyema, laweza kwenda kilomita 15 kwa lita. Litahitaji takriban lita 53. Gari kubwa linalokwenda kilomita 9 kwa lita litahitaji lita 88. Tukichukulia kuwa petroli ni shilingi 185 kwa lita, mwenye gari dogo atatumia shilingi 9,800 hivi kwa mwezi, na mwenye gari kubwa shilingi 16,300 hivi. Kwa miezi tisa ya masomo tofauti yao hupita shilingi 58,000. Hiyo ni karo ya mtoto, na bado hatujataja tairi wala bima.

Fauka ya hayo, kuna hati ya mshahara. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 hairuhusu makato yazidi thuluthi mbili za mshahara. Thuluthi inayosalia iliwekwa ili mtu ale, lakini wengi wetu huichukulia kuwa ruhusa ya kukopa mpaka ukingoni. Kisha makato mapya huja bila kubisha hodi: ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulianza Julai 2023, na mchango wa bima ya afya wa asilimia 2.75 ukafuata Oktoba 2024. Mwalimu aliyekopa kila alichoruhusiwa na chama chake cha akiba na mikopo hubaki na gari kubwa lililoegeshwa na mkopo unaotembea. Kupanga ni kuchagua. Kiasi cha mkopo kipimwe kwa mafuta ya mwaka mzima, si kwa bei ya kununulia peke yake.

Nao wakuu wa serikali wana lawama yao. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari ni asilimia 35. Juu yake huwekwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 kwa injini isiyozidi sentimita 1,500 za ujazo, au asilimia 25 na zaidi kwa injini kubwa kuliko hiyo, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 juu ya jumla. Gari dogo lililothaminiwa kuwa la shilingi 500,000 hufika shilingi 939,600 kabla ya ada nyingine. Mwezi uo huo wa Julai 2023, VAT ya mafuta nayo ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kwenda mbali zaidi. Ulipendekeza kila gari litozwe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, isipungue shilingi 5,000 wala kuzidi shilingi 100,000. Tazama dhuluma iliyokuwamo: mwenye gari la shilingi 400,000 angelipa 10,000, yaani asilimia 2.5 kamili, ilhali mwenye gari la milioni 20 angelipa 100,000, ambayo ni nusu asilimia tu. Pendekezo hilo liliondolewa Juni 2024 kelele za wananchi zilipozidi, lakini fikra iliyolizaa, kwamba kila mwenye gari ni tajiri, haijafa.

Nakubali kwamba gari dogo lina upungufu wake. Mvua ndefu zinapokolea, njia za udongo za Endebess, za Cherangany na za kupandia Kapsokwony haziheshimu gari ambalo tumbo lake li karibu na ardhi. Anayevuka matope kila siku kwa miezi kadhaa atafute chombo kingine. Lakini wengi wetu huishi karibu na lami, na sehemu mbovu ya safari ni kilomita mbili tatu za mwisho. Hizo zaweza kufanywa kwa bodaboda siku za matope. Si busara kununua gari kwa ajili ya siku ishirini mbaya na kulilisha mafuta siku zote zilizosalia.

Aliyeamua kununua asikimbilie rangi. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo magari ya bei nafuu zaidi ni yale yaliyokwisha kutembea hapa nchini. Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nao wauzaji ndivyo walivyo. Mnunuzi aende na fundi wake, achungulie kutu chini ya gari, na asiamini idadi ya kilomita mpaka ailinganishe na uchakavu wa kiti na usukani. Aulize pia mafuta yaliyotiwa katika sanduku la gia, kwani mengi ya magari haya hutumia gia zinazojibadilisha kwa mkanda, na hizo huharibiwa na mafuta yasiyo ya aina yake. Ukarabati wake waweza kumeza akiba ya mwaka mzima.

Mwisho, nawasihi walimu wa hisabati waipeleke hesabu hii darasani. Wape wanafunzi bei ya EPRA ya mwezi huu, umbali kutoka Kitale hadi Bungoma na mshahara wa mwalimu anayeanza kazi, kisha waulize ni gari lipi linalofaa. Huenda watakaokuwa wabunge miongoni mwao wakajifunza mapema ni nani hasa anayelipa wanapopandisha ushuru.