Mwalimu, Huyu Ndege Anaitwaje?

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha kwanza alinionyesha ndege mdogo anayeng'aa, akifyonza maua nje ya dirisha. "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Nikamjibu, "Huyo ni ndege." Darasa zima likacheka, na walikuwa na haki. Alikuwa chozi, na mimi mwalimu mzima wa biolojia sikumjua.

Tangu siku ile naangalia ndege: kwanza hapa chuoni, kisha milima ya Uluguru. Sasa tuko wanne tunapanga kwenda msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda. Nilipompigia mama kumweleza, alicheka. "Mwanangu, kuku wamejaa hapa nyumbani, unafuata ndege gani Rwanda?"

Wengi hapa chuoni wananiuliza hivyo hivyo: kwani sisi hatuna milima? Tunayo, na ndiyo iliyonitia hamu. Tiva wa Uluguru haishi popote duniani ila milima ya Uluguru. Nyungwe nako yuko shorobu wa Ruwenzori, ambaye huku kwa Waluguru hutamwona hata ukeshe. Milima mirefu ni kama visiwa, kila mmoja una wakazi wake. Hilo nililikariri darasani nikafaulu mtihani. Nataka kulifundisha kama mtu aliyeliona.

Tulianza kwa kuuliza bei kwa wakala mmoja wa utalii. Akatutajia dola, tukarudi hosteli kimya. Basi tukakaa chini kupanga wenyewe, na kumbe mambo yanawezekana. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio nafuu kuliko watalii wa mbali. Mabasi yanafika Kigali kupitia Rusumo, na yale ya Kigali kwenda Rusizi hukatiza ndani ya msitu wenyewe. Tunahitaji pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano na sweta za maana, maana msitu unapanda hadi karibu mita 3,000. Darubini tunazo mbili, tutapokezana.

Lakini kujipangia safari si kubana kila senti. Mwenzetu mmoja alitaka tumbane muongozaji kwenye malipo. Nilikataa. Mtu aliyekulia pembeni ya msitu ule anamtambua ndege kwa sauti kabla wewe hujainua darubini. Hela yake ni halali yake, bora tupunguze siku moja.

Miezi mikavu kule ni Juni hadi Agosti, wakati sisi tuko kwenye mitihani na mazoezi ya kufundisha. Kwa hiyo tutakwenda Septemba, mvua zikianza. Tutalowa, sawa tu. Nauli naiweka kidogo kidogo kila bumu likitoka, pamoja na hela za tuisheni. Ada ya mdogo wangu sijaigusa, na hilo ndilo lililomfanya mama aseme, "Haya, nenda."

Wanachuo wenzangu, hasa wa ualimu, tuache kuamini kwamba kuangalia ndege ni kazi ya wazungu wenye kofia pana. Huna nauli ya Rwanda? Anza na mti ulio nje ya bweni lako. Mwakani tutakuwa madarasani, na yule mtoto wa dirishani atauliza tena.