NFL Iwalipe Waliowalea Wachezaji Wake wa Kigeni

Tarehe 9 Februari 2025, mjini New Orleans, Philadelphia Eagles iliichapa Kansas City Chiefs 40-22 na kutwaa Super Bowl, ubingwa wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Katika ukuta wa watu watano unaomkinga kwotabeki wa Eagles, upande wa kushoto alisimama Jordan Mailata, kijana wa Sydney mwenye asili ya Samoa na urefu wa takriban mita 2.03. Eagles ilimchagua mwaka 2018 katika raundi ya saba ya uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi, akiwa mchezaji wa 233 kuitwa, na hadi hapo hakuwa amecheza hata mechi moja ya futiboli ya Kimarekani. Alikulia katika raga ya wachezaji 13, akafika kikosi cha vijana cha South Sydney Rabbitohs. Mwaka 2021 Eagles ikampa mkataba mpya wa dola milioni 64, na mwaka 2024 ikaongeza mwingine wa milioni 66. Ni habari ya kufurahisha, na kila senti aliyoipata ameitolea jasho. Ila tangu ianze kusimuliwa, wanaotajwa ni Mailata na Eagles tu. Waliomfundisha kukimbia, kugongana na kuanguka bila kuumia hawamo katika hesabu.

Nasema wawemo, na wawemo kwa fedha. Tangu mwaka 2017 NFL ina mpango wake wa kuwaingiza wachezaji wa kigeni, na kiini chake ni mafunzo ya takriban wiki kumi huko Florida. Wiki kumi hazimtengenezi mwanamichezo. Zinamfundisha istilahi, mikao ya kuanzia na namna ya kusoma kitabu cha mbinu, basi. Katika raga Mailata alikuwa mtu wa kupewa mpira na kuwapitia wapinzani kifua mbele. Eagles ikamtaka afanye kinyume chake: asiuguse mpira, arudi nyuma kwa hatua fupi za mshazari huku magoti yamekunjwa, na mikono ingoje hadi adui afike ndipo imsukume kifuani. Sifa ya kumgeuza namna hiyo ni ya kocha wake Jeff Stoutland, na ya klabu iliyomvumilia misimu miwili bila kumchezesha mechi hata moja ya ligi. Lakini Stoutland hakuiumba ile miguu. Mtu mkubwa kiasi kile hawezi kusogea kwa wepesi kama hakukimbizwa uwanjani tangu utotoni, na waliomkimbiza walikuwa Sydney.

Mtindo huu wa kuchukua wanamichezo waliolelewa kwingine una historia ndefu kuliko mpango wenyewe. Christian Okoye alikuwa mrusha kisahani wa Nigeria kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, California. Chiefs ilimchukua mwaka 1987, na mwaka 1989 aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,480 za kukimbia na mpira. Mkenya Daniel Adongo aliingia Indianapolis Colts mwaka 2013 akitokea kwenye raga ya kulipwa ya Afrika Kusini na New Zealand. Januari 2024, Louis Rees-Zammit aliiacha Gloucester katikati ya msimu, siku ileile Wales ilipotangaza kikosi cha Mataifa Sita. Alipita Kansas City, kisha Jacksonville, na mwaka 2025 akarudi kwenye raga bila kucheza mechi hata moja ya ligi ya NFL. Wapo waliofanikiwa na wapo waliochujwa. Wote walifika Marekani wakiwa tayari wanamichezo, kwa gharama ya watu wengine.

Wafuatiliaji wa soka wanajua kwamba mambo si lazima yaende hivyo. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, kanuni hiyo ilizipa klabu alizopitia ujanani haki ya kudai fungu lao, hata zile ambazo shabiki wa Birmingham hajawahi kuzisikia. Kwa klabu ndogo, fungu kama hilo linaweza kununua mipira, jezi na nauli za msimu mzima. NFL haina kanuni ya namna hiyo.

Watetezi wa NFL watasema Marekani haina desturi hiyo, maana hata vyuo vikuu vinavyoijazia ligi wachezaji havilipwi. Hilo halinishawishi. Vyuo hivyo huvuna mamilioni ya televisheni na viingilio kutokana na wachezaji haohao kabla hawajaondoka, ilhali timu ya vijana ya kitongojini haipati chochote. Tena besiboli ya Marekani imekwisha kuvunja hoja hiyo: Los Angeles Dodgers walipomsajili Yoshinobu Yamamoto mwishoni mwa 2023, klabu yake ya Japani, Orix Buffaloes, ililipwa takriban dola milioni 50.6 juu ya mshahara wa mchezaji. Mfumo wa uchumi ni uleule na nchi ni ileile. Tofauti ni kwamba Wajapani walikaa mezani wakadai.

Hoja nzito zaidi ni ile ya uhuru wa mchezaji. Fidia za mafunzo katika soka zimewahi kuwakwamisha vijana, kwa sababu klabu inayowataka hukimbia gharama. Hofu hiyo ni ya haki, hasa kwa kijana maskini ambaye nafasi haimjii mara mbili. Ndiyo maana malipo ninayoyapendekeza yasiwe sharti la kusajiliwa. Yafuate baadaye, mchezaji akishaingia katika kikosi kamili cha watu 53, na yatoke katika mfuko wa ligi, si katika mshahara wake wala katika bajeti ya klabu inayomjaribu. Asilimia 5 ya ule mkataba wa kwanza mkubwa wa Mailata ni dola milioni 3.2. Ligi inayoingiza zaidi ya dola bilioni 20 kwa mwaka haiwezi kutikiswa na kiasi hicho.

Wengine watataja kambi na vifaa ambavyo NFL inavileta kwetu. Ni kweli, ilikuja Accra mwaka 2022 na Nairobi mwaka 2023, na Osi Umenyiora, bingwa wa Super Bowl mara mbili, amefanya kazi ya kuheshimika kuwatafuta vijana wa Afrika. Lakini kambi ya kusaka vipaji ni gharama ya mnunuzi anayekagua bidhaa. Akina Umenyiora hupima mbio, miruko na urefu wa mikono ya vijana ambao tayari wamelelewa na makocha wa raga, kikapu na riadha, wengi wao wakijitolea. Anayevuna asikopanda anapaswa angalau kumkumbuka mkulima.

Tangu mwaka 2024 klabu zote 32 zimepewa nafasi ya ziada katika kikosi cha mazoezi kwa ajili ya mchezaji wa kigeni, kwa hiyo safari hizi zitaongezeka. Vyama vya raga, kikapu na riadha vya Kenya, Nigeria na Ghana visingoje hisani. Vianze kwa kuweka kumbukumbu sahihi za kila kijana, klabu kwa klabu na mwaka kwa mwaka, kwa sababu hata katika soka klabu nyingi za Afrika zimekosa haki yao kwa kukosa karatasi. Kisha viandike barua ya pamoja kwa NFL kabla ya kukubali kuandaa kambi nyingine, na sharti la kwanza katika barua hiyo liwe fungu la walezi.