Data: nani alikupa?

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha, wasomaji wangu. Nina neno moja tu linaloniwasha: data.

Waingereza walilitoa kwenye Kilatini katika karne ya 17. Asili yake ni kitenzi dare, yaani kupa. Datum ni kitu kimoja ulichopewa. Data ni vingi. Mnakumbuka hesabu za shule? "Umepewa pembe mbili za pembetatu, tafuta ya tatu." Hizo mbili ndizo data kwa maana yake ya asili. Mgiriki Euclid aliandika kitabu kizima kuhusu mambo ya namna hiyo, na kwa Kilatini kinaitwa hivyo hivyo: Data.

Sasa tazameni sisi waandishi wa programu tulivyoligeuza. Programu ya mikopo inaomba ruhusa ya kusoma nambari zote zilizo kwenye simu yako. Unabonyeza "Kubali" kwa sababu karo inatakiwa kesho. Papo hapo nambari ya mama mkwe, ya mchungaji na ya fundi wako zinakwenda kwenye seva. Ukichelewa kulipa, wanapigiwa wao. Haya niambieni: mchungaji alimpa nani nambari yake, na lini?

Najua jibu lenu: "Lakini mtumiaji alikubali." Alikubali la kwake. Nikikukabidhi mbuzi wa jirani, huwezi kusema umepewa. Sote wawili tumeiba.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwake mwenyewe, isipokuwa katika hali ilizozitaja. Mwaka 2023 Google nayo ilizikataza programu za mikopo zilizo kwenye Play Store kusoma orodha ya nambari za simu. Vizuri sana. Lakini mbona tulingoja kukatazwa? Msimbo wa kusoma orodha ile haukujiandika. Uliandikwa na mmoja wetu, akaujaribu, ukafanya kazi, mwisho wa mwezi akapokea mshahara.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuongeza safu nyingine kwenye hifadhidata, jiulizeni swali lililomo ndani ya neno lenyewe: nani alinipa hii? Kama aliyetoa siye mwenyewe, futa.

Au mwasemaje?