Shati la shule linafia kwenye beseni

Mzazi mwenzangu, Januari ulinunua mashati mawili meupe. Sasa ni Julai, kola imetoka nyuzi na mtoto anaona aibu kusimama mstarini. Unamlaumu mwenye duka. Kabla ya hapo, tuangalie beseni letu.

Mashati mengi ya shule hufumwa kwa mchanganyiko wa poliesta na pamba. Ule uliozoeleka ni poliesta asilimia 65 na pamba 35. Nyuzi hizi hazizeeki pamoja. Pamba hunyonya jasho na kumpa mtoto raha, lakini husagika kila inaposuguliwa. Poliesta ni ngumu na hukauka upesi. Kadiri unavyofua, pamba inapungua na kitambaa kinakuwa chepesi. Vile vidonge kwenye kola ni nyuzi zilizolegea, zikashikiliwa na poliesta zisidondoke.

Hapa Mafinga vumbi jekundu linatuponza. Tukiona kola chafu tunachukua brashi, halafu jiki. Jiki nyingi hula pamba: leo shati linang'aa, kesho linachanika mgongoni. Badala yake, loweka kwenye maji baridi nusu saa, vumbi lilegee. Paka sabuni ya kipande kwenye kola, fikicha kwa mikono, suuza vizuri.

Kuna na baridi yetu. Nguo imelala na unyevu, asubuhi mtoto anachelewa, tunaikausha kwa pasi ya mkaa. Moto mkali hulainisha poliesta. Ule mng'ao unaoachwa na pasi ya moto kwenye suruali ni nyuzi zilizolainika na kulala bapa, na ni vigumu zirudi kama zamani. Fua Jumamosi asubuhi ili nguo ipate siku mbili za kukauka. Ianike ikiwa imegeuzwa ndani nje. Ukipiga pasi, tanguliza kitambaa chepesi cha pamba juu yake.

Kama unashonesha, loweka kitambaa na ukikaushe kabla ya kumpelekea fundi. Pamba husinyaa zaidi kwenye mafuo ya mwanzo; isinyae kabla ya kukatwa, siyo ikiwa mwilini mwa mtoto.

Na kola ikishachakaa, usitupe shati. Mwambie fundi aifumue na kuigeuza. Upande wa chini bado mzima. Shati litafika Desemba, na mtoto atasimama mstarini kama wenzake.