Mzigo wa Mwenzio Ni Kanda la Usufi



Baada ya ibada ya Jumapili husikika watu chini ya mwembe wakisimulia habari za wauguzi: huyu ana ulimi mkali, yule hajali mgonjwa akilia. Ndipo mzee mmoja hukata shauri, asema, "Uuguzi ni wito. Asiye na huruma na aache kazi." Mimi nasema neno hilo si haki, tena lawadhuru wagonjwa wenyewe.

Sikatai kwamba ukali upo. Mgonjwa aliyetukanwa ameonewa, wala hakuna udhuru wa kumpiga mama aliye katika uchungu wa kuzaa. Lakini je, mwuguzi huyo alizaliwa hana huruma? Wengine wao sisi walimu tuliwafundisha, twawajua walivyokuwa. Huruma walikuwa nayo, nayo imekauka kama kisima kitekwacho usiku na mchana pasipo kupewa nafasi ya kujaa.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson wa Marekani walitoa kipimo cha uchovu huu, chenye alama tatu: mtu huishiwa nguvu za moyo, huwatenda watu kama vitu, tena huona kazi yake haina faida. Angalieni alama ya pili. Ule ukali tunaoulaumu waweza kuwa dalili ya uchovu, kama moshi ulivyo dalili ya moto. Na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hali hii haihesabiwi kuwa ugonjwa, bali hutokana na taabu ya kazi ya siku nyingi isiyotengenezwa.

Na mgonjwa hupata nini? Mwaka 2002 Linda Aiken na wenzake walitangaza habari za hospitali 168 za Pennsylvania, huko huko Marekani. Waliona kwamba kwa kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mwuguzi, uwezekano wa mtu aliyepasuliwa kufa katika siku 30 ulizidi kwa 7 katika mia, na uwezekano wa mwuguzi kuishiwa nguvu za moyo ulizidi kwa 23 katika mia. Mgonjwa mmoja tu! Katika jimbo la California sheria iliyoanza kutumika mwaka 2004 iliweka mpaka wa hesabu ya wagonjwa kwa kila mwuguzi. Haikuwahubiri wauguzi wazidi kuvumilia, iliwapunguzia mzigo.

Labda mtu atasema, "Nchi hiyo ni tajiri." Ni kweli. Lakini kupanga zamu kwa haki, kutovunja siku ya mapumziko, na msimamizi kuwasikiliza walio chini yake, hayo hayahitaji dhahabu. Tena sisi Wakristo twachanga fedha za bati na rangi ya zahanati, twapiga vigelegele siku ya kuifungua, wala hatuulizi ni nani atakayekesha humo, naye atakesha pamoja na nani.

Mkumbukeni Elia. Alipochoka hata akaomba afe, alilala chini ya mretemu. Malaika hakumkemea, wala hakumwambia kwamba unabii ni wito. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa chakula mara ya pili. Ndipo akaenda safari ya siku arobaini. Je, sisi tu wakali kuliko malaika?

Basi, wazee wa kanisa na ninyi mlio katika kamati za zahanati, mkutanapo msianze kwa kuuliza nani ana ulimi mkali. Ulizeni kwanza: mwuguzi wetu ana wagonjwa wangapi? Alilala lini? Nani atampokea zamu? Mkiisha kujibu hayo na kuyatengeneza, hapo mtakuwa na haki ya kumlaumu. Kwa maana siku moja kila mmoja wetu atalala katika kitanda kile, na mikono itakayomshika itakuwa ni ile ile tuliyoichosha.